Siku Arobaini za Shemeji Msituni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mchoraji pekee duniani aliyeishi siku arobaini msituni bila kuumwa na mbu hata mmoja.

"Wananiheshimu!" alieleza kwa kipaza sauti, siku ya kufungua maonyesho ya picha zake. "Nimelala na chui, nimeamka na nyani!"

Nami nikaitikia kwa kichwa. Jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa la ukoo wa mume wangu, na jina hilo silianiki uani kama nguo za ndani.

Kweli yake ni hii: siku zote hizo alikuwa bafuni kwangu. Alipanga vyungu vyangu vya maua sakafuni, akafungulia maji ya moto mpaka mvuke ukatanda, akalala kifudifudi na kuchora. Kutoka chini huko, ua la kufika gotini lilikuwa mti wa mita thelathini, na mvuke ulikuwa ukungu wa alfajiri. Mchana alitoka kula. Alikula kama aliyefyeka pori zima.

Watu wa mjini walisimama mbele ya picha wakavuta pumzi. "Nasikia harufu ya udongo!" alisema karani wa bima, machozi yakimlengalenga. Mwaka mzima hakuwa ameona kijani ila taa ya barabarani.

Ndipo akaja afisa misitu. "Bwana mchoraji, msitu kama huu sijapata kuuona. Jumamosi tupeleke. Basi ninalo."

Watu ishirini na wanane wakajiandikisha palepale!

Shemeji akashusha kipaza sauti. "Haupo tena, mheshimiwa. Wameukata."

"Wote?"

"Wote! Hata kijiti cha kuchokolea meno hakikubaki!"

Nilidhani ameponea chupuchupu. Afisa akatoa daftari.

"Nani kaukata? Siku arobaini ulizokaa, uliona watu?"

"Ha... hata mmoja."

"Kwa hiyo ulikuwa peke yako." Akaandika. "Jina la ukoo?"

Shemeji akanitazama kama kuku aliyeona kisu. "Shemeji, sema neno basi!"

Nikapima. Ukoo wetu una walimu wanne, mkunga mmoja, na waongo wa kutosha. Mharibifu wa misitu hatujawahi kuwa naye.

"Weka kalamu chini, mwanangu," nikamwambia afisa. "Msitu uko salama. Uko bafuni kwangu."

Nilitarajia vicheko. Badala yake karani akauliza, "Mama, tuje saa ngapi?"

Jumamosi walipanga foleni sebuleni, viatu mkononi, wakiingia mmojammoja kulala kifudifudi. Mama mmoja alitoka amelowa chapachapa, uso unang'aa.

Shemeji akamkimbilia. "Na picha zangu kwenye maonyesho, mama? Uliziona?"

"Picha gani?" akajibu yule mama. "Hebu niletee taulo, kijana."