Bwana Harusi Hasemi

Jumatatu, 4 Agosti

Jumamosi nakwenda kuposa kwa kina Namwanje, Mukono. Miaka minne ya mapenzi! Baba yake, mzee Kaddu, amekubali kutupokea, ingawa kwa shingo upande. Alimwuliza binti yake kama kuchekesha watu ni kazi au ni maradhi. Namwanje akamjibu ni kazi. Nampenda sana mwanamke huyu.

Kaka yangu amekodi msemaji wa upande wetu, Ssalongo Mpagi. Wiki nzima anauza mbao, Jumamosi anaongea kwenye posa za watu. Nilimwambia Kaka kwamba mchekeshaji wa kweli yupo humu humu nyumbani. Akanijibu: bwana harusi hasemi. Anakaa katikati ya wenzake kimya, kama mgeni yeyote, mpaka shangazi wa binti aje amtambue na kumvisha shada. Sawa. Kunyamaza kuna ugumu gani?

Nilimpelekea Ssalongo kisa changu cha mbuzi kwenye bodaboda, ajue wenye fani tunavyofanya. Akasikiliza huku anapima mbao. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Zamu yangu ya kuchekesha baa ya Ntinda. Nimetoa kisa cha mbuzi. Kimya cha msibani. Mtu mmoja meza ya nyuma alicheka, nikamshukuru mbele za watu. Kumbe anachekea simu yake! Nakayiza, mwenye baa, amenipa Alhamisi moja tu zaidi. Wasipocheka, nafasi yangu anampa mpiga zeze.

Namwanje alinipigia kunipa pole. Akasema Jumamosi ndiyo siku yetu, mengine yatapita. Halafu akasema: Ssebowa, chonde, mdomo wako. Nikaapa kwa kaburi la babu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kanzu ikiwa bado mwilini.

Tulifika vizuri. Kanzu na makoti, wanawake na magauni yao ya gomesi, vikapu, na jogoo wa kumpa kaka wa binti, maana bila jogoo huyo kupokelewa hakuna posa. Nikakaa safu ya tatu. Mikono magotini. Kimya!

Ssalongo akafungua kinywa. Aliulizwa tumefuata nini, akajibu tulikuwa tunakwenda hospitali, lakini tulipowaona mabinti wa humu wote tukapona. Kisa cha zamani kuliko mzee Kaddu! Turubai likatikisika kwa vicheko. Bibi mmoja akafuta machozi kwa mshipi wa gomesi yake. Mimi jukwaani sijawahi kumtoa mtu machozi, isipokuwa Namwanje, na yale hayakuwa ya kicheko.

Nikavumilia. Mungu ni shahidi wangu. Shangazi naye akatokea na shada, akaanza kupita kwenye safu akinitafuta. Bado safu moja tu! Mara Ssalongo akaanza kisa cha mbuzi. Changu! Na wanacheka! Kufika mwisho, akamshusha mwenye bodaboda kabla ya mbuzi. Kaharibu kila kitu, na bado wanacheka!

Nikajikuta nimesimama. Nikasema hapana, Ssalongo, mbuzi anashuka kwanza. Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikakisimulia inavyotakiwa. Kimya. Shangazi kasimama na shada lake hewani. Nikaona nikivunje kile kimya, nikamwuliza mzee Kaddu: kuzaa binti mzuri vile kwa sura hiyo, ni kazi au ni maradhi?

Mzee akainuka, akaingia ndani. Msemaji wao akatuomba kwa adabu tubebe vikapu vyetu. Jogoo nilirudi nimempakata. Hata yeye alinyamaza njia nzima.

Jumapili, 10 Agosti

Kaka hasemi nami. Jogoo anawika tangu alfajiri. Namwanje hapokei simu.

Jioni kaniandikia. Alikuwa chumbani amevaa, amepambwa, anasubiri kuitwa, na yote aliyasikia dirishani. Anasema utani haukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba nilisahau kama yeye yupo.

Nililia.

Jumatano, 13 Agosti

Mungu mkubwa! Shangazi amemlainisha mzee. Posa inarudiwa Jumamosi, watu wachache, nami niongeze mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi kapelekwa leo, kapokelewa. Sharti ni moja: aibu ile isitoke nje ya ua wake. Neno likisikika mjini, basi tena.

Namwanje alikuja mwenyewe. Alinishika mkono, akasema hii ndiyo nafasi ya mwisho, na si kwa baba yake, ni kwake yeye. Nikaapa. Safari hii kwa moyo wote. Kaburi la babu sikulitaja.

Alhamisi, 14 Agosti

Baani. Nilianza na kisa cha kinyozi. Kimya. Kisa cha daktari wa meno. Kimya. Nakayiza akamwita mpiga zeze kwa kidole. Hapo nikausikia mdomo wangu unasema: jamani, Jumamosi nilikwenda kuposa Mukono.

Wakacheka! Walicheka mpaka mtu kaanguka na kiti! Shangazi na shada hewani, jogoo mapajani, wanapiga meza! Simu zote juu, wananirekodi. Nimekuwa mwangalifu. Jina la mzee nimelitaja mara mbili tu, ili kisa kieleweke.

Alhamisi zote za mwezi ni zangu. Mpiga zeze kaenda zake.

Ijumaa, 15 Agosti

Video imefika Mukono kabla ya chai ya asubuhi.

Mchana nimekuta mbuzi wa radhi amefungwa langoni kwetu. Namwanje alikuwa amesimama pembeni yake. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: walicheka? Nikamwambia sana. Akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, akasema basi, Ssebowa. Kisha akaenda zake bila kugeuka.

Nimekaa na mbuzi mpaka giza limeingia. Sijapata kuumia hivi tangu nizaliwe. Miaka minne!

Lile swali lake, "walicheka?", lina uzito wa ajabu. Kabla yake inabidi kunyamaza kidogo, nihesabu hadi tatu, halafu ndipo nilitoe kwa sauti yake ile nyembamba. Na mbuzi niende naye jukwaani.