Fizi za Mama Marcelline

Jumatatu, 3 Juni
Bahati! Jino la mbele la Mama Marcelline limevunjika! Mfupa wa mbuzi, kwenye matanga. Amekuja kwenye kabine yangu ya meno, hapa Bunia mtaa wa Mbunya, mdomo kauziba kwa kitambaa. Namhurumia, ndiyo. Lakini ni mama yake Tina, na bila Tina, mimi Mbusa sina maisha. Mpango: nimtengenezee kofia ya jino ambayo Bunia haijaiona, anipende, nimwombe binti.

Mpinzani ni Eddy, mpiga kinanda wa kwaya, mtu wa Mahagi kama wao. Hana adabu kabisa! Leo alimwona Mama akitoka kwangu, akavuka barabara na kugeukia ukuta. Hata salamu! Emerance, msaidizi wangu, amesema kwao Mahagi anayemtaka binti hamsogelei mama yake. Nimemwambia aoshe vyombo.

Jumanne, 4 Juni
Fizi zimevimba, zimepanda juu ya kisiki cha jino, ukizigusa tu ni damu. Nimezisafisha. Nilivyofundishwa: ngoja zipone, halafu ingiza uzi wa dawa kati ya fizi na jino, fizi isogee, ndipo uchukue chapa ya jino, umbo lake la kutengenezea kofia. Emerance naye anasema ngoja. Ngoja, ngoja! Bunduki zimenyamaza, barabara ya Mahagi imefunguka, na kila mwenye mahari anakimbiza mbuzi wake kabla haijafungwa tena. Wajomba wa Eddy nao, nasikia, wanajiandaa.

Alhamisi, 6 Juni
Sikungoja. Nimechukua chapa bila uzi. Aibu! Damu imeingia, ukingo wa jino hauonekani kabisa. Kofia niliyoitengeneza juu ya chapa hiyo ilikuwa pana. Mama alipiga chafya, ikaruka mpaka kwenye ndoo. Hakukasirika. Aliniambia: “Mbusa, weye iko na mukono mwepesi, ni haraka tu inakusumbua. Nitarudia.” Mkono mwepesi! Nimeimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 12 Juni
Fizi zimepona. Nimeuingiza uzi polepole kuzunguka jino, nimesubiri, nimeutoa. Ukingo wote nje! Nikajaza uji wa chapa kwenye kisinia cha chuma, nikakibana mdomoni mwake. Hapo mgonjwa hasemi wala hasogei mpaka uji ugande. Nikaona ndiyo saa yenyewe. Asiyeweza kusema hawezi kukataa! Nikamwambia nampenda Tina, nataka kuleta wazee.

Macho yakamtoka. Akaguna. Nikajua amekubali. Kumbe! Alijifunika kitenge kichwa kizima, akatoka mbio na kisinia changu mdomoni! Emerance alimfuata mpaka karibu na soko, akamtolea nyuma ya kioski. Amerudi na chapa iliyopinda na habari kwamba mkwe kutia vidole mdomoni mwa mama mkwe ni balaa ambalo hata bibi yake hakuwahi kulisikia. Sikula chochote. Nimekwisha.

Alhamisi, 13 Juni
Mama amerudi! Bila kujifunika. Ameketi, akanitazama machoni. Amesema amekaa na wazee wao. Mkwe hawezi kuona fizi zake, na mimi nimeziona zote, tena na damu. Aibu hiyo inaondoka kwa njia moja tu: mimi si mkwe, ni mtoto wake. “Tina iko dada yako. Sasa leta ile uzi yako, mutoto yangu, juu Samedi nataka kucheka.”

Samedi! Jumamosi hii wanakuja watu wa Eddy na mahari.

Nilikoroga unga wa chapa huku machozi yananitoka. Chapa ya leo sijawahi kuipata maishani: ukingo wazi mzunguko mzima, hakuna tone la damu, hakuna povu. Kazi yangu bora kuliko zote, nimeifanya ili mama mkwe wa Eddy acheke.

Jumamosi, 15 Juni
Nimepewa kazi ya kaka wa bibi harusi: kupokea mbuzi wa Eddy. Niliwafungua midomo mmoja mmoja. Mmoja nilitaka kumkataa, fizi zimevimba, wakanicheka. Mama alicheka kutwa nzima, na jino limekaa imara. Eddy aliinamisha kichwa tangu alipoingia mpaka alipotoka, hakuliona hata mara moja! Tina aliniita kaka mbele ya watu wote. Nililia nyuma ya nyumba, pamoja na mbuzi.

Jumapili, 16 Juni
Nimetafakari. Kosa nimeliona: niliongea mapema. Ningengoja kofia ikae kwanza.

Leo kanisani mbele yangu aliketi Pétronille, binti wa dada mkubwa wa Mama Marcelline. Shingo hiyo! Baada ya misa nilimtazama mama yake akila mahindi. Anatafuna upande mmoja tu. Emerance ameniomba, kwa jina la Bwana, nimwache mama huyo.

Anakuja kesho asubuhi. Nimeshaloweka uzi.