Mtoto wa Marehemu, Miaka Arobaini na Miwili

Jumatatu, 4 Novemba

Nimedhulumiwa mchana kweupe! Nimevaa shati la kanisani, nimekwenda mjini ofisi ya mafao kudai haki yangu ya mtoto wa marehemu. Baba alikuwa karani wa serikali, akastaafu, akafariki mwezi wa saba. Mimi Ernesti ndiye mwanawe wa kwanza. Wa damu kabisa, pua ni hii hii. Afisa, Bi Sabiha, akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikasema arobaini na miwili. Akavua miwani. Akasema wanaolipwa ni walio chini ya miaka kumi na minane, au ishirini na mmoja kama bado wanasoma. Nikamuuliza, baada ya hapo mimi niligeuka mtoto wa nani? Akaita anayefuata.

Jumanne, 5 Novemba

Usingizi haukuja, ila akili imefanya kazi. Hapa nyumbani Mabawa yupo mtoto halali! Loveness, miaka kumi na mitatu, mdogo wangu wa baba mmoja. Januari anaanza kidato cha kwanza, shule ya bweni, na bila mafao yake haendi popote. Mama yake, mama mdogo Praxeda, anauza maandazi na hayatoshi. (Mama mdogo nimemzidi miaka miwili. Namwamkia shikamoo kwa shingo upande.)

Sasa, mafao hayatoki mpaka ukoo ukae kikao, uteue msimamizi wa mirathi, jina lipelekwe mahakamani. Kikao nimeshakiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza niliumwa homa. Mara ya pili niliumwa homa nyingine. Uvivu wa kupokea wageni tu! Kumbe nilikuwa nakalia bahati. Msimamizi niwe mimi, fedha zipitie mkononi mwangu. Na mkono wangu naujua, kitu kikipita hapo lazima kipumzike kidogo. Loveness nampenda. Nitamwachia za kumtosha.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimetangaza kikao Jumamosi. Mama mdogo kafurahi mpaka kanipa maandazi ya bure. Maskini, hajui.

Tatizo ni kwamba ukoo haunipendi. Baba mkubwa Eliudi, ndiye mwenyekiti, bado hajasahau mbuzi wake niliyempeleka kumuuza Muheza nikarudi na redio. Lakini dawa nimeipata. Nasri, fundi baiskeli wa Nguvumali! Ni mtani wetu tangu enzi za babu. Ukoo wetu ukifiwa, mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga sauti yake, akasema atakacho, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Nani atambishia marehemu?

Nimemwendea. Nimemwomba aje kikaoni kama baba, aseme anamtaka Ernesti. Akauliza yeye atapata nini. Nimempa baiskeli ya baba. Akaipokea hata sijamaliza sentensi. Nimemweleza mpango wote, tangu kwa Bi Sabiha mpaka zile homa, asije akakosea. Mtu msikivu sana.

Jumamosi, 9 Novemba

Aibu! Aibu tupu!

Wazee walifika, wakala ubwabwa kwa kuku. (Jogoo alikuwa wa mama mdogo. Nitamweleza siku nyingine.) Baba mkubwa akauliza nani asimamie mirathi. Kengele ikalia uani. Nasri huyo, juu ya baiskeli, kofia ya baba, koti la baba, na kikohozi cha baba chenyewe! Watu hoi kwa kicheko. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Akasema huko aliko hali si mbaya, ila kahawa hawaiwezi.

Baba mkubwa akamuuliza baiskeli kaitoa wapi na mali haijagawiwa. "Marehemu" akajibu kwamba kahongwa na mwanawe Ernesti ili amteue. Kisha akasema yote. Homa mbili. Mkono unaopumzisha fedha. Hata kwamba nilikwenda kudai mafao ya watoto na ndevu zangu! Nikainuka kufoka. Wazee wakanikumbusha kwamba anayemkasirikia mtani hutozwa faini. Nikakaa. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ndipo Nasri akakohoa tena, kile kikohozi cha baba cha kila asubuhi, akamwita Loveness, akamwambia njoo binti yangu. Kicheko kikakatika. Mtoto akaenda akashika mkono wa lile koti, akalia. Mama mdogo akajifunika uso kwa khanga. Na mimi nilimkumbuka baba, nikaona haya kweli. "Baba" akamkabidhi Loveness baiskeli, akasema msimamizi ni Praxeda na asiyetaka aje huko aliko wakazungumze. Ukoo mzima ukainua mikono. Wangu ukainuka wenyewe.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama mdogo kapeleka muhtasari wa kikao mahakamani. Kaambiwa pasipo na pingamizi Loveness atawahi shule. Jioni mezani, mama na mwana wakanitazama. Nikaapa sina pingamizi. Mama mdogo akauliza habari za jogoo. Nikasema nina homa.

Jumatano, 13 Novemba

Mimi ni mtu mpya. Nimetubu kwa dhati. Mafao ya mtoto sitayagusa tena maishani, wala sitayaota.

Ila leo nimemfikiria shangazi Devota, kule Muheza. Mwalimu mstaafu. Pensheni yake haikosi. Hakujaliwa mtoto, maskini, na magoti yanamsumbua. Je, mtu kama huyo hastahili mwana? Kesho nakwenda kumwamkia na kumwomba anifanye mwanawe, kwa maandishi. Nimenyoa ndevu. Nimejaribu kuita "mama" mbele ya kioo, inatoka vizuri. Loveness kanisikia, kaniuliza kama nimepata kazi ya kuigiza. Nimemwomba baiskeli inifikishe stendi. Amesema atafikiri.

Shida moja tu. Shangazi naye anaikumbuka ile redio. Nahitaji mtu wa kunisemea, mwenye heshima ukoo mzima, ambaye hakuna anayeweza kumkasirikia. Jioni nimekwenda Nguvumali kwa Nasri. Amekubali papo hapo, hata malipo hajauliza. Nimemweleza mpango wote, asije akakosea.