Jua Langu na Friza za Awero

Jumatatu, 12 Februari

Miaka themanini na mitatu. Moyo umechoka, miguu imevimba. Daktari hasemi lini. Ananitazama tu kama mtu anayetazama saa. Basi niungame yote humu, kabla sijaungama kwa Yule asiyehitaji kusoma.

Mtaani hatuna umeme tangu Jumamosi ya tarehe tatu. Transfoma ililia mara moja kama mbuzi, ikanyamaza. Si neno, Ibadan tumezaliwa humo. Ila insulini yangu haipendi joto, na joto la leo limeinamisha mshumaa ambao haujawashwa.

Binti yangu Ibironke amepiga simu kutoka Lagos. Anakuja Jumapili na kipimajoto. Akikuta friji yangu imekuwa kabati, ananibeba siku hiyo hiyo hadi kwake, ghorofa ya tisa. Nimemwambia nitafia hapa, katika nyumba niliyoijenga kwa mshahara wa ualimu, alipozikwa mama yake. Akasema, “Baba, hakuna aliyekukataza kufa hapo. Tunachokukataza ni kufa wiki hii.”

Jenereta siiwezi. Kamba yake inataka mtu mwenye moyo, na moshi wake nimekatazwa. Nimeamua. Jua! Nitafunga sola kwa mikono yangu. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na minne.

Ungamo la kwanza: sijawahi kuunganisha waya hata mmoja. Yote yalikuwa ubaoni.

Jumanne, 13 Februari

Paneli mbili zimefika, zimetumika lakini zina heshima. Betri mbili pia, moja mpya, moja ya makamo. Na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumba. Paa siwezi kulipanda, kwa hiyo nimemwita Lamidi, seremala wa majeneza. Ameunda fremu ya kuzishikilia huko juu, kwa mbao alizobakiza kazini. Ina vishikio vya shaba. Nimeuliza ni vya nini. “Vya kubebea, Baba.” Kisha akanitazama kuanzia utosini hadi vidoleni, polepole. Sikupenda.

Tumebishana. Nimesema paneli zielekee mashariki. Lamidi amesema za Awero zinaelekea kusini. Nimemwambia jua linachomoza mashariki, na hilo halihitaji muuza samaki kulithibitisha.

Sasa Awero. Anauza samaki wa barafu, ng'ambo ya barabara yetu. Ana miaka sitini na kidogo. Juu ya duka lake kuna paneli nane alizofunga mwenyewe. Hakusomea popote, alinunua inveta zilizokufa, akazifungua moja moja mezani, kati ya vibua na mizani, mpaka zikamwambia zilikufa kwa nini. Siku kumi sasa mtaa mzima hauna umeme, na vibua vyake ukimwangushia mtu mguuni, unamvunja kidole. Sijaona kazi safi kama ile. Nyaya zake zimelala ukutani kama nywele zilizosukwa kwa ajili ya harusi.

Ungamo la pili, na hili ndilo zito. Mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wangu, kidato cha tatu. Aliuliza swali ambalo sikulijua jibu lake. Nikamwambia akae nyuma achore samaki, maana mwisho wake ni kuwauza. Darasa likacheka. Nilimtabiria nusu tu.

Jumatano, 14 Februari

Nimemtuma Lamidi akanunue samaki ili apeleleze jinsi Awero alivyounganisha betri. Amerudi na samaki wawili na salamu: “Mwambie Mwalimu swali haliuzwi kwa kilo. Aje mwenyewe aulize.”

Siendi! Nimekula samaki kwa hasira. Mtamu sana.

Saa nane mchana nimeunganisha peke yangu, kwa hesabu zangu, kurasa sita. Nikamwamuru Lamidi akate waya wa kampuni ya umeme pale unapoingia ukutani. Uhuru kamili! Ameuliza kama nina hakika. Nimemuuliza yeye na mimi nani mwalimu.

Friji ikanguruma. Nimekaa mbele yake kwenye kiti, kama mtu aliye kanisani.

Alhamisi, 15 Februari

Friji bado hai. Nyuzi sita! Nimewasha taa ya barazani mchana kweupe, Awero aione. Ameiona. Amepunga mkono. Kwa nini mtu apunge mkono kwa upole namna hiyo?

Asubuhi alikuwa juu ya paa lake na kitambaa chenye maji, akifuta vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, paneli moja baada ya nyingine, pembe kwa pembe, kama mama anayemfuta mtoto uso kabla ya ibada. Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Zangu zina vumbi la kuandikia jina. Lamidi ameomba azifute. Nimemkataza. Watu watasema namuiga Awero.

Ijumaa, 16 Februari

Niandike nini.

Saa nne asubuhi mtaa mzima umelipuka kwa kelele: “Umeme! Umeme umekuja!” Watoto, wauza maandazi, hata mashemasi. Transfoma imepona! Kila mtu wa mji huu anajua la kufanya. Hufikiri. Unakimbia. Pasi, pampu ya maji, birika, mashine ya kusaga pilipili, kila kitu kwenye soketi, kwa sababu baada ya dakika kumi huenda ukakatika tena. Nimeishi hivyo miaka sitini. Miguu iliyovimba ilipona ghafla. Nilichomeka vyote. Vyote!

Nilikuwa nimeshaishika pasi, nimetandaza joho langu la sherehe, ndipo Lamidi akaingia mbio. “Baba! Umeme gani? Waya si tuliukata?”

Tuliukata. Mzigo wote ule ulikuwa unavutwa kutoka betri zangu mbili. Inveta ikatoa sauti kama mtu aliyepigwa kofi, kisha moshi wa buluu. Friji ikakohoa. Kimya.

Umeme wa mtaani ulidumu dakika kumi na moja. Lamidi alihesabu. Sikumwomba.

Jumamosi, 17 Februari

Friji nyuzi ishirini na mbili. Insulini nimeiweka ndani ya chungu chenye maji na kitambaa, lakini hadi mchana maji yenyewe yalikuwa ya kuogea. Kesho Ibironke. Kesho hiyo hiyo ghorofa ya tisa. Nani atakayemfagilia mke wangu kaburi?

Nimechukua fimbo, nikavuka barabara. Hatua arobaini, nimepumzika mara tatu. Nilikuwa na hotuba. Nilipofika dukani nikauliza bei ya kibua.

Awero akacheka mpaka akaweka kisu chini. “Mwalimu, moshi wako tumeunusa tangu jana. Dawa ziko wapi?” Nikazitoa mfukoni. Nikaelekeza kwenye friza. “La, humo zitaganda, zife kabisa. Hii ni dawa, si samaki.” Akaziweka katika friji ya vinywaji, mlangoni.

Hapo nikamwambia. Mwaka 1978, swali, kiti cha nyuma, samaki. Nimelia kidogo, ni uzee. Akanisogezea kreti nikae. Akakunja uso akikumbuka.

“Siku ile? Mwalimu, wewe ulitutukana wote, kila siku. Mimi ningeshika lipi?”

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema alikwisha kunisamehe kwa jumla.

Kisha akafunga duka. Jumamosi, siku ya wateja! Akaja kwangu na begi la vifaa na inveta ya zamani aliyoifufua mwenyewe. Saa tatu nzima nimemtazama akifanya kazi. Anapima kabla ya kugusa. Anagusa mara moja tu. Betri ya makamo ameitoa, kwa kuwa ilikuwa ikimnyonya mwenzake, na mahali pake akaweka moja ya kwake. Nyaya zangu nyembamba amezitupa. Paneli amezigeuza kusini, akazifuta. Lamidi alikuwa akishika ngazi na kukohoa kikohozi cha mtu aliyeyasema hayo tangu Jumanne.

Amenieleza kila hatua, taratibu, bila kudharau. Laiti mimi ningefundisha vile hata siku moja. Akiondoka ameandika ukutani kwa chaki: FRIJI NA TAA MOJA. BASI.

Jumapili, 18 Februari

Ibironke amefika saa sita. Hata gele, kile kilemba chake kikubwa, hakuivua kichwani. Kipimajoto ndani ya friji, mikono kiunoni, dakika ishirini. Nyuzi nne.

Akaweka mkoba wake chini. “Haya, Baba. Utabaki.” Nikashika ukuta.

Awero alikuwa ameleta supu ya samaki, amekaa pale pale. Ibironke akauliza nani amefanya kazi nzuri namna hii. Ungamo la tatu: mdomo ulifunguka wenyewe. Nilisema ni mimi, nikisaidiwa kidogo na mwanafunzi wangu wa zamani. Lamidi akatoka nje. Awero aliendelea kugawa supu. “Ni kweli,” akasema, “Mwalimu alinipa kazi ya kufikiri.”

Mwanamke wa namna gani huyu!

Wameondoka wote. Nimelala chali sebuleni, nikaitazama feni ya dari. Mota ikipewa umeme huzunguka. Basi ikizungushwa hutoa umeme. Nilikuwa nikiuliza hilo kila mtihani. Na harmatani inavuma bure. Nina feni nne ndani ya nyumba hii. Zikifungwa juu ya paa, zikaunganishwa na betri ya Awero, nitaweza hata pasi. Yeye upepo hajaugusa kabisa. Hajaufikiria!

Lamidi aje kesho saa tatu na ngazi, Awero akiwa amekwenda sokoni kununua samaki. Hesabu nimezifanya mara mbili.