Jinsi Mpimaji Alivyoishinda Chipu ya Mitaa Mitatu

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, wenye masikio mawili na mwenye moja linalouma. Wekeni chini vikombe, mpate kusikia habari za Mpimaji, bingwa wa koleo ndogo, malkia wa kiti kilegevu, aliyepigana na chipu ya simu isiyozidi ukucha wa kidole gumba na asirudi nyuma.

Ndani ya chipu ile mlikuwa na mitaa mitatu: wa kumbukumbu, wa hesabu na wa redio. Kila mtaa sharti upimwe kabla chipu haijatoka karakana. Na sheria ya msimamizi, aliyeitwa Mojamoja kwa sababu hata chai aliinywa kijiko kwa kijiko, ilikuwa hii: mtaa mmoja ukipimwa, mingine ilale. Kwa sheria hiyo trei ya mwisho ya chipu haikuisha mpaka jua lichoke, na binti yake Mpimaji, wa darasa la kwanza, akawa wa mwisho kuchukuliwa shuleni kila siku iendayo kwa Mungu. Asubuhi ile mtoto alikuwa amemwomba mama yake, kwa sauti ndogo, kwamba leo asiwe wa mwisho. Mkuki usingemchoma hivyo.

Basi Mpimaji akajifunga kibwebwe, akaamuru mitaa yote mitatu ipimwe kwa pamoja. Mashine ya kupimia ikanguruma, ikapata moto kama pasi, ikazima. Mojamoja akausimamia uwanja wa vita, mikono kiunoni.

"Dada, nilisema moja moja," akanena. "Ulidhani napenda tu kuisikia sauti yangu?"

"Nimekosa, mzee. Lakini maharage yakiwa jikoni, wewe hukaa ukiyatazama mpaka yaive?"

"Mimi nayatazama," akajibu bila haya. "Anayekata vitunguu ni mke wangu."

"Basi leo tumwige mama huyo: kimoja kikiiva, kingine kikatwe."

Mojamoja akacheka upande mmoja wa mdomo. Akamruhusu ajaribu tena, ila akatangaza mbele ya jeshi zima la karakana kwamba mashine ikizima tena, Mpimaji atabaki baada ya kengele ya kutoka kazini kurudia trei yote.

Mpimaji alikuwa ameitazama mashine ile kwa muda mrefu, akaijua tabia yake. Mtaa wa kumbukumbu ulikuwa mvivu: kipimo chake kirefu, lakini baridi. Hesabu na redio vilikuwa vyepesi, lakini vya moto. Akaitanguliza kumbukumbu, ijikongoje. Ingali njiani, akaituma hesabu. Hesabu ilipotoka, akaipa mashine nafasi ya kuvuta pumzi, ndipo akaiachia redio. Mioto miwili haikukutana. Kumbukumbu ilipofika mwisho, wenzake walikwishamaliza zamani, na taa ikawaka kijani. Chipu baada ya chipu zikaanguka mbele yake, na mashine ilipokohoa kidogo, Mojamoja mwenyewe akashika kipande cha boksi akaipepea kama mgonjwa wa homa.

Kengele ilipolia, trei ilikuwa tupu, na Mpimaji alikuwa barabarani, aproni ingali shingoni.

Langoni mwa shule alimkuta binti yake na msichana mwingine mmoja.

"Mama, wa mwisho ni huyu," binti akasema, akionyesha kwa kidole. "Tusiondoke kwanza. Nataka nimwone anavyokaa."

Wakaketi kumtazama. Mwishowe baba yake yule msichana akaja akamchukua, nao wakabaki peke yao na lango. Lakini historia, isiyojali nani alitoka lini, na iandike hivi: siku ile binti wa Mpimaji alifuatwa wa pili kutoka mwisho.