Jina Litakalotajwa Leba

Jumanne, 18 Novemba
Mama yangu kaja na jambo. Mwanamke akikawia kujifungua, ana jina la mwanaume kalificha. Akilitaja tu, mtoto anatoka. Nikakumbuka mtoto wetu wa kwanza: mke wangu Mackrine alisota mno, mimi nikiwa mnadani na ng'ombe. Alimtaja nani? Sikuwepo! Na jana jirani Melkiory kaleta senene, panzi wetu wa kukaanga, eti za mjamzito. Senene, bure! Tangu lini, hapa Kihanga?

Jumatano, 19 Novemba
Kliniki. Mkunga mpya, mtu wa Tanga, anasema waume waingie leba: mke akishikwa mkono, hofu hupungua na uchungu huenda vizuri. Nikakubali kabla hajamaliza. Nitasikia jina kwa masikio yangu! Mackrine alilia kwa furaha, akasema hana mfano wangu. Niliona haya kidogo. Zikapita.

Ijumaa, 21 Novemba
Leba. Mackrine aliniomba nisimwachie mkono, anaogopa. Sikuuachia. Sikio nimelisogeza mdomoni pake. Akaanza kuita jina. Moyo paa! Desderius. Langu! Mara ya pili, langu tena! Mjanja huyu.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mkunga akaniambia niusindike. Sisi Wanyambo kusindika ni kusukuma. Nikausukuma kwa mguu, ukafunguka wote, benchi zima la nje likatuona. Melkiory naye yupo! Eti kamleta mama yangu kwa pikipiki. Akanipungia. Mkunga akapaza sauti: sindika, baba, sindika! Mackrine, Mnyambo mwenzangu, akadhani anaambiwa yeye. Akasukuma kwa nguvu zote. Bahati nzuri wakati ulikuwa umefika. Mtoto huyo, wa kike! Kumbe kwao Tanga kusindika mlango ni kuurudishia.

Jumamosi, 22 Novemba
Nilimuuliza Mackrine, kwa upole, mbona safari hii haraka hivi. Akasema mara ya kwanza alikuwa na woga, akaniita mimi mpaka sauti ikakauka, sikuwepo. Safari hii nilikuwepo. Akasinzia bado kanishika mkono. Nilitokwa na machozi, kweli kabisa.

Kisha nikafikiri. Kama mara ya kwanza aliita jina langu tu, mbona mtoto alikawia? Na jana nilipokuwepo, katoka upesi, lile jina lililofichwa halijapata nafasi ya kutajwa! Mkunga na Mackrine lao moja. Mimba ijayo leba siingii. Nitajibanza nje, chini ya dirisha, nisikilize vizuri.