Fundi Ngassa, Wazi Saa Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Bariadi nzima inatafuta plau. Bandani kwangu hakuna mtu! Minyororo ipo, nira zipo, majembe ya plau nimeyapanga kwa ukubwa. Kuku mmoja ameingia, akatazama, akatoka.

Kwa binamu yangu Generoza, kule stendi, wamejaa. Anauza vitu vilevile! Lakini ameweka tangazo mtandaoni. Ukiandika "plau Bariadi" kwenye simu, yeye ndiye wa kwanza. Mimi sipo hata chini kabisa. Nimetafuta mpaka macho yakauma.

Asubuhi amepita shangazi Kwandu. Nimemwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, na kabla hajamaliza kuitikia akaanza. Kikao cha ukoo ni Jumapili ya tarehe kumi na saba. Banda hili lilikuwa la marehemu babu Ngassa, fundi plau aliyesifika mpaka Maswa, na ukoo unataka kujua kama nalifaa. Kama sina wateja, anapewa Generoza. Nimejibu kwa adabu kwamba mambo yako njiani. Hakuna jambo lolote lililo njiani. Nina miaka arobaini na moja na kipaji kisichotambuliwa, na nikinyang'anywa banda hili sina pa kwenda.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimeambiwa kila mtu akibonyeza tangazo la Generoza, yeye anakatwa fedha. Tena ameweka kikomo cha siku. Kikiisha, tangazo linazimika mpaka kesho yake. Safi kabisa! Nimekaa kwenye kigoda cha babu nikambonyeza mara sitini na tatu. Kidole kimevimba.

Mektilda wa steshenari, ambaye ndiye aliyemtengenezea Generoza tangazo, amenicheka mbele za watu. Kasema mtambo unatambua simu moja ikibonyeza mno, na hauhesabu. Tena simu yangu sasa inaamini nampenda Generoza. Kumbe kweli! Nimefungua habari za mpira, nikamkuta Generoza. Nimefungua hali ya hewa, Generoza huyo, anatabasamu na mnyororo begani.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemeza aibu na kurudi kwa Mektilda. Amenieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kuna ukurasa wa duka kwenye ramani ya mtandaoni, huo ni bure, nao unapanda kwa ukweli: jina, mahali, saa za kazi, picha, na maoni ya wateja. Halafu kuna tangazo la kulipia, linalokaa juu na neno dogo "Imedhaminiwa". Hapo ni mnada. Kila mtu anapotafuta kitu, mnada unapigwa kabla hajapepesa jicho. Ila tofauti na mnada wa ng'ombe, mwenye dau kubwa si lazima ashinde. Mtambo unauliza pia kama tangazo lako linafanana na kile mtu anachokitafuta.

Nikampa jina la duka, lenye jina langu mwenyewe mbele: Maganga Agro Solutions Enterprises Group. Akaniuliza nani atatafuta hilo. Nikasema wasomi. Akafungua orodha ya maneno ambayo watu wa huku wameyatafuta mwezi uliopita. "Plau Bariadi." "Nira bei." Kisha akanigeuzia kompyuta.

"Fundi Ngassa." Mara mia mbili na kumi. "Fundi Ngassa yupo?" Mara tisini.

Babu alifariki miaka kumi na minne iliyopita! Hakuwahi kushika simu. Mektilda, ambaye ni Mkatoliki wa kila Jumapili, akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikafurahi. Maneno ya bure kabisa, hakuna anayeyagombania!

Ijumaa, 8 Novemba

Ukurasa uko hewani. Jina: Fundi Ngassa. Picha: babu mwenyewe, kofia yake ya pama, kikohozi karibu kisikike. Saa za kazi: ishirini na nne. Mektilda alinisihi niandike saa za kweli. Nimekataa, Generoza akilala mimi niko wazi. Nimeweka pia tangazo, kilomita arobaini kuzunguka mji.

Ili kuthibitisha duka nimetakiwa kupiga video bila kukata, kutoka barabarani mpaka ndani. Nimepiga. Imekubaliwa papo hapo. Jambo moja dogo. Kigoda cha babu nilikiacha nyuma, kwenye jiko la kufulia vyuma. Kwenye video kiko mlangoni, na kamba yake ya ngozi imebonyea kama imekaliwa. Nimeogopa. Nasema hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumapili, 10 Novemba

Kikomo cha siku kimeisha saa tatu asubuhi. Hakuna mteja. Mektilda kasema ni mimi mwenyewe, nimelibonyeza tangazo langu mara kwa mara nikilitazama kwa raha.

Shangazi Kwandu kaja mbio baada ya ibada. Ameonyeshwa simu kanisani. Sijawahi kumwona vile. Kasema jina la aliyetangulia huitwa mlangoni kwake, kwa pombe ya mtama, kwa sababu maalumu, na huitwa mara moja tu kwa kuwa akiitwa anakuja. Mimi namwita mara elfu kwa siku, bila pombe, kwa majembe ya plau! Akanionya na la pili. Jina la aliye hai haliwekwi pamoja na ya waliotangulia, hata kwa utani. Wakiitwa pamoja, wanaondoka pamoja.

Nimemwambia teknolojia haina mambo hayo. Ameniuliza kwa nini basi nimeacha kigoda cha babu na kuhamia kwenye ndoo. Nimesema ndoo ni nzuri kwa mgongo.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeshinda Mwanhuzi kufuata minyororo. Banda nimelifunga kwa kufuli, ufunguo nimevaa shingoni. Nimerudi alasiri, kufuli liko vilevile. Jiko lina moto. Plau tatu zilizovunjika zimenyooshwa, kazi safi ambayo mimi, nakiri, siwezi. Juu ya kigoda kuna vifurushi vitatu vya ugoro. Hayo ndiyo malipo aliyopokea babu kwa watu asiotaka fedha zao.

Na maoni yameingia! Dastan wa Nkololo, nyota tano: "Mzee mpole, hasemi sana. Kanitengenezea plau huku anakohoa. Kaniuliza mimi wa ukoo gani, akamtaja babu yangu kwa jina." Mhoja wa Sola, nyota tano: "Mikono yake baridi lakini kazi nzuri."

Nywele zimenisimama. Kisha nimehesabu nyota. Tano mara mbili, kumi! Kikao kitaona nini isipokuwa nyota?

Alhamisi, 14 Novemba

Foleni imefika barabarani! Generoza kapita akijifanya anakwenda sokoni. Hakuna anayenitaka mimi, lakini. Kila mmoja anamuulizia mzee. Nimesema fundi ni mimi. Wamenitazama, wakakaa chini kumsubiri.

Nimemkazia mmoja plau yake kwa nguvu, mpini ukakatika. Nyota moja! "Mzee hakuwepo, tulimkuta kijana mwenye maneno." Nimeandika jibu refu la kujitetea. Chini ya jibu langu limetokea lingine, kutoka ukurasa uleule, ambao nywila yake ninayo peke yangu: "Nisamehewe. Mjukuu bado anajifunza."

Jasho limenitoka. Kisha hasira. Kudhalilishwa na babu yangu mwenyewe, hadharani!

Mwishoni nimemuuliza mzee Yakobo, aliyetoka Mwanhuzi, kilomita nyingi kupita tangazo langu linapofika, alitupataje. Kasema hana simu. Amesikia tu jina linaitwa, siku ya nne sasa, akafuata.

Jumamosi, 16 Novemba

Kesho kikao. Nimefikiri sana. Sifa zote zinakwenda kwa babu. Ukoo utasema banda linafaa, Maganga hafai. Dawa ni moja: jina langu lipande naye. Fundi Ngassa na Maganga. Rahisi!

Mektilda amekataa kunisaidia. Kasema kubadilisha jina kunachanganya mtambo, na zaidi ya mtambo kuna shangazi. Amenishika mkono akaniomba. Shangazi naye kapiga simu mara tano, sijapokea. Nimeandika jina mwenyewe, nikaweka na picha yangu kando ya babu. Nimependeza.

Nimebonyeza "Hifadhi". Ujumbe umerudi haraka: "Mabadiliko yamekubaliwa na mmiliki." Mmiliki ni mimi, na sijakubali kitu. Nyuma yangu mtu amekohoa, akasogeza kigoda kunipa nafasi. Ndoo yangu sijaiona tena. Kwa hiyo nimekaa.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeshinda! Nimeshinda kabisa!

Ukoo wote umekuja. Ni kweli hakuna aliyenisalimu, lakini hao wamenionea wivu tangu utotoni. Nilianza hotuba yangu ya kurasa nne. Hawakuisikiliza, wamezungumza habari zangu mwanzo hadi mwisho. Mtu kaleta pombe ya mtama. Shangazi Kwandu amemimina kidogo mlangoni, akaita jina la babu. Kisha sauti ikamkatika, akaita Maganga. Mimi! Hadharani, mlangoni, pamoja na babu! Nimeitika kwa nguvu, ila alikuwa analia, hakusikia.

Generoza amelia kuliko wote. Sikutegemea. Alisema alikuwa radhi aache duka lake la stendi kuliko ifike hapa. Wamekata shauri: banda hili ni la Ngassa na Maganga, hakuna mtu atakayetutoa. Generoza atakuja kila asubuhi kufagia na kufungua mlango. Binamu yangu mwenyewe, mfagiaji wangu!

Walipoondoka babu kanipa ugoro kidogo. Mikono yake ni baridi kweli, ila nadhani ni kwa kuwa yangu pia.

Jumatatu, 18 Novemba

Kazi tangu alfajiri. Nyota tano, na safari hii ni zangu! "Tumepokelewa na mafundi wawili. Mmoja mzee. Mwingine hasemi, ameinamia daftari muda wote anaandika." Hasemi! Nimewasimulia maisha yangu yote, hawa watu. Kusikiliza hawajui.

Nimekwenda steshenari kumpa Mektilda habari. Hakuinua uso. Nimesema asante mara tatu. Amefunga dirisha, akavaa sweta, akafanya ishara ya msalaba. Kiburi cha kazi za ofisini. Nimeingia mwenyewe kwenye ukurasa na kuongeza eneo kutoka kilomita arobaini hadi Kanda ya Ziwa nzima. Kikomo cha siku kinasoma sifuri na tangazo bado linakwenda. Mtambo umenipenda.

Generoza amefagia leo. Ameweka maua mlangoni, akalia tena, akanung'unika kwamba alininyima nafasi, kwamba laiti tungefanya kazi pamoja. Binamu ni binamu. Nimesamehe yote, hata lile tabasamu la hali ya hewa. Kwa hiyo nimefungua ukurasa, nimepata picha yake nzuri yenye mnyororo begani, na jina lake nimeshaliandika chini ya langu. Babu anatikisa kichwa, anasema hapana, lakini yeye mambo ya mtandao hayajui. Kesho asubuhi nitabonyeza "Hifadhi", iwe zawadi yake.